Betri Inayokufa Kila Jumatatu



Makala ya juma hili yahusu betri ya pikipiki kuukuu. Twajua kwamba wengi wanaotusoma ni akina mama, na huenda bibi mmoja akaitazama anwani hii, akacheka na kusema kwamba leo Sheikh amepotea njia, ameingia gereji. Kuingia tuliingia kweli. Tulikaa huko tangu kumalizika sala ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, tumeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na tuliporudi nyumbani tulirudi na deni la kuomba radhi.

Jirani yetu hapa Mji wa Kale ni mjane. Marehemu mumewe, Allah amrehemu, alikuwa baharia, na miongoni mwa vitu alivyowaachia watoto wake wawili ni Honda CB350 ya mwaka 1972. Wapenzi wa vyombo vya zamani wanaijua: injini ya silinda mbili, cc 325, iliyotengenezwa tangu 1968 hadi 1973 na kuuzwa kwa wingi mno, hasa Marekani. Marehemu aliisugua na kuing'arisha kama mtu anayetunza kasha la harusi. Baada ya kufa kwake ikawa chombo cha riziki. Mjane hupika mahamri ya kantini za shule na ofisi. Mwanawe wa miaka 19 huondoka nayo saa kumi na moja alfajiri kuyapeleka, kisha humrudia dada yake aliye kidato cha nne, akamfikisha shuleni. Siku ya Ijumaa, kabla ya sala ya Adhuhuri, pikipiki huegeshwa ndani ya daka na haiguswi hadi alfajiri ya Jumatatu, kwani wateja wa mahamri hawafungui mwisho wa juma.

Na kila Jumatatu betri ilikuwa imekufa.

Mtu atauliza: si kuna kiki? Kiki ipo, lakini cheche ya pikipiki hii hutoka kwa betri. Betri ikiwa kavu, utapiga kiki hadi kisigino kiote sugu na injini haitaitika. Basi Jumatatu mahamri yalikwenda kwa tuktuk, binti akachelewa shule, na faida ya siku ikaishia kwa nauli. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu betri tatu zilinunuliwa. Betri ya namna hii si kitu cha kununuliwa kwa chenji ya mbaazi.

Mama alitafakari kama ambavyo mzazi yeyote angetafakari. Betri haifi Jumanne wala Alhamisi, hufa Jumatatu. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna usiku wa Jumamosi, na usiku wa Jumamosi ni wa vijana. Akamuuliza mwanawe, naye akakana. Akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye fundo la leso yake kila Ijumaa na kulala nao. Jumatatu betri ikafa vilevile. Hapo mama akakumbuka kwamba marehemu alipoinunua pikipiki alipewa funguo mbili, na wa pili haujulikani ulipo. Akasema, huo wa pili anao mwanangu.

Fundi mmoja aliitwa kuitazama. Alifunga balbu kati ya betri na waya wake, akaona haiwaki, akatoa hukumu kwamba nyaya ziko salama na kwamba aulizwe mwenye kuiendesha.

Kisha tukaja sisi. Mama alitujia kwa masikitiko, nasi tukamwita kijana barazani baada ya Isha, tukamkanya juu ya uongo na juu ya kuidhulumu amana ya babake, na watu wakisikia. Hakujibu neno. Tukadhani kunyamaza kwake ni kukiri.

Siku chache baadaye alitufuata peke yake. Mnunuzi wa pikipiki alikwisha kupatikana, naye angekuja siku ya Jumanne. Kijana akasema: "Maalim, mimi sikatai. Mama akiona iuzwe, na iuzwe. Nataka tu ijulikane kwamba si mimi." Maneno hayo yalituzuia usingizi. Tulikuwa tumehukumu baada ya kusikia upande mmoja, na ushahidi wetu wote ulikuwa balbu isiyowaka.

Ndipo tukaenda Majengo kwa mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi na pikipiki za zamani. Vijana humwita Ami, nasi tutamwita hivyo. Pikipiki ilisukumwa hadi kwake siku ya Jumamosi, na yeye hakuuliza ni nani aliyeiendesha. Aliuliza mambo mawili: husimama kwa muda gani kabla ya kufa, na je, kuna taa yoyote inayobaki ikiwaka. Alieleza kwamba baadhi ya pikipiki za Kijapani za zama hizo zina kituo cha tatu kwenye swichi ya ufunguo, cha kuegeshea, ambacho huiacha taa ya nyuma peke yake ikiwaka. Mtu huuzungusha ufunguo kupita kiasi, akautoa, akaenda zake. Balbu ya wati 5 hula kama ampea 0.4, nayo humaliza betri ya pikipiki kwa muda wa siku moja na ziada. Lakini daka la mjane lina giza, na taa nyekundu ingeonekana.

Akaitoa betri, akaitia kwenye chaja usiku kucha, akaiacha itulie hadi mchana wa Jumapili. Alisema hakuna maana ya kumtafuta mwizi wa maji ikiwa mtungi wenyewe una ufa. Betri ya risasi na tindikali ya volti 12, ikijaa na kupumzika saa kadhaa, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, ikisoma 12.0 imebaki kama robo tu. Tena betri huweza kusoma vizuri ikiwa imepumzika, kisha ikaanguka chini ya volti 9 na nusu pindi stata inapoguswa, na hiyo ni betri iliyokwisha hata ikiwa mpya kwa sura. Ya mjane ilisoma 12.6, na ilipojaribiwa kwa stata ikashuka hadi 10.8 na kupanda tena. Haikuwa nzima kabisa, lakini ilikuwa hai.

Joto letu la Pwani nalo lina hesabu yake. Betri ya aina hii hujimaliza polepole hata ikiwa kabatini bila waya wowote, na jinsi joto linavyozidi ndivyo inavyokwenda mbio. Hata hivyo hiyo ni kazi ya wiki nyingi, si ya siku tatu.

Jumapili alasiri tulikutana gerejini: Ami, kijana, dada yake, na sisi juu ya ile ndoo. Mama naye alikuja, ila hakushuka. Alikaa ndani ya tuktuk iliyomleta, mlangoni pa gereji, ufunguo ukiwa fundoni.

Ami alitoa mita yake ya umeme, akamkabidhi binti, kwa kuwa macho yake yeye, alivyosema, yameshaona namba za kutosha. Kwanza akamwambia avue bangili. Tunalitaja hili kwa ajili ya wasomaji wetu wa kike: pete au bangili ya chuma, fedha au dhahabu ikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja huwa moto mara moja kiasi cha kuunguza nyama. Kisha akamfundisha kipimo chenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea.

Volti hupimwa kwa kugusa ncha mbili za betri. Mkondo, yaani ampea, haupimwi hivyo. Mkondo hupimwa kwa kuukata mlango na kuiweka mita ndani ya mlango, ili kila kinachopita kipite kwake. Basi ufunguo ukiwa umezimwa, waya wa hasi hufunguliwa kutoka kwenye ncha ya betri. Waya mwekundu wa mita huhamishwa hadi tundu lililoandikwa ampea 10, ncha moja ya mita ikashikizwa kwenye betri na nyingine kwenye waya uliofunguliwa. Kuanzia hapo mtu asiwashe ufunguo wala asiguse stata, kwani mkondo wa stata ni mkubwa mno na utaiunguza mita. Na kazi ikiisha, waya mwekundu urudishwe tundu lake la volti. Ukisahauliwa kwenye tundu la ampea, kisha mtu akapima volti za betri, amejitengenezea shoti kwa mkono wake. Ami alituonyesha doa jeusi kwenye mita yake kama mtu anayeonyesha kovu la ujanani.

(Wenye pikipiki kongwe za Kiingereza, BSA au Triumph za miaka ya 1960, wakumbuke kwamba katika nyingi kati ya hizo upande uliofungwa kwenye fremu ni chanya, si hasi. Kipimo ni kilekile, ila waya unaofunguliwa ni huo.)

Binti akatazama, akasoma: "Sufuri nukta moja nne."

Ami akamwambia asome tena. Sufuri nukta moja nne. Ampea 0.14, yaani miliampea 140. Pikipiki ya mwaka 1972 haina saa, haina kengele ya wezi, haina kompyuta. Ikizimwa, haina haki ya kula chochote. Ingepaswa kusoma sufuri au karibu yake.

Mama aliona kwamba tumenyamaza, akashuka. Akauliza kuna nini. Ami hakumweleza kitu, alimwomba tu amwonyeshe ufunguo. Akalifungua fundo la leso, ufunguo ukawa kiganjani mwake, na binti akausogeza uso wa mita ili mamake aione ile namba haibadiliki.

Kwa wasomaji ambao fizikia imewatupa mkono, tunaweza kulieleza hivi. Fikirini tangi la maji darini. Volti ni kimo cha maji ndani ya tangi, na ampea ni wingi wa maji yanayotoka mferejini. Mfereji unaotona tone tone haumtishi mtu, wala hausikiki mchana. Lakini nyumba ikifungwa siku tatu, wenyewe wakirudi wanakuta tangi halina kitu, na hakuna mtu aliyeoga.

Binti aliifanya hesabu yenyewe kwa kalamu juu ya kipande cha boksi. Kutoka Ijumaa saa sita mchana hadi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri ni saa 65. Zidisha kwa 0.14, unapata 9.1. Betri ya pikipiki hii hubeba ampea-saa 12 ikiwa mpya kabisa na imejaa. Basi robo tatu ya betri ilikuwa ikimwagika kila mwisho wa juma bila mkono wa mtu. Katikati ya juma pikipiki husimama chini ya siku moja, ikapoteza ampea-saa 3 hivi, na safari za asubuhi zikarudisha sehemu yake. Ndiyo maana haikufa Jumanne wala Alhamisi. Ile Jumatatu iliyokuwa hoja ya mama ilikuwa hoja ya kijana vilevile, lakini hakukuwa na mtu wa kuipigia hesabu.

Na vifo vya zile betri tatu vikaelezeka pia. Betri ya tindikali ikiachwa tupu, huota ndani yake ukoko wa chumvi ya risasi juu ya sahani, na ukoko huo ukigumu hautoki tena kwa kuchajiwa. Kila Jumatatu ilikula sehemu ya umri wake.

Tukauliza: je, ile balbu ya fundi wa kwanza? Ami akachukua balbu kubwa, akaifunga mahali pa mita. Haikuwaka. Akaikinga kwa viganja viwili, tukachungulia kama watu wanaotafuta mwezi, hatukuona kitu. Balbu kubwa huhitaji mkondo mwingi zaidi ili iwake sawasawa, na kwa 0.14 waya wake wa ndani hata haupati joto la kuonekana. Fundi yule hakusema uongo. Alitumia mizani ya magunia kupima zafarani.

Sasa ilibaki kujua mvujo uko wapi. Tulidhani itabidi nyaya zote zivuliwe, lakini Ami alicheka. Ufunguo ukizimwa, alisema, washukiwa ni wachache, kwa sababu taa, honi na koili vyote viko upande wa pili wa ufunguo. Upande wa betri kuna stata na relei yake, fyuzi, swichi ya ufunguo yenyewe, na rektifaya. Mengine yameshalala.

Akaanza na fyuzi. Mita ikiwa bado mlangoni, akaichomoa, na binti akasoma sufuri. Basi stata na relei yake hazina hatia, kwani ziko kabla ya fyuzi na mkondo ungeendelea.

Lakini fyuzi ilipotoka tuliona kitu kingine. Ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mama akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama chini. Ami akaikwaruza ile karatasi kwa ukucha, nayo ikavunjika kama jani kavu. Akasema imekaa hapo miaka mingi, imeokwa na joto. Kijana huyu angekuwa bado anasoma juzuu ya Amma wakati huo. Marehemu alikuwa akivuta tangu siku za baharini, na sote tuliokuwapo twalijua hilo, mjane akiwa wa kwanza. Hakuna aliyesema neno. Ami aliitupa, akatia fyuzi mpya ya ampea 15. Fyuzi iliyofungwa karatasi si fyuzi tena. Siku shoti itakapotokea, kitakachoungua ni waya, na baada ya waya ni nyumba.

Fyuzi mpya ilipoingia, ile 0.14 ikarudi. Ami akafuata rektifaya. Hiki ni kifaa kinachoupokea umeme wa alteneta, unaokwenda mbele na nyuma, na kuupitisha upande mmoja tu ili uingie betrini. Kazi yake nyingine, ambayo watu huisahau, ni kuuzuia umeme wa betri usirudi nyuma injini ikiwa imezimwa. Ni mlango wa kuingilia usiokubali kutokea. Katika pikipiki hii ya asili ni ya seleniamu: sahani zilizopangwa juu ya msumari mmoja kama mikate ya mofa, iliyofungwa chini ya kiti karibu na betri. Seleniamu huzeeka, na ikizeeka mlango wake haufungi vizuri. Akauchomoa waya wake mwekundu.

"Sufuri nukta sufuri mbili," akasema binti.

Mwizi mkubwa alikuwa amepatikana: miliampea 120 kati ya 140 zilikuwa zikirudi kupitia sahani zilizochoka. Sisi tulikwisha kunyanyuka kumpa Ami mkono. Yeye akatwambia tukae. Miliampea 20 si sufuri, alisema, na mtu akiridhika na mwizi mmoja humwachia wa pili nyumba.

Akaifuata swichi ya ufunguo, iliyo chini ya tangi la mafuta. Alipokitenganisha kiungo chake cha plastiki, mita ikaanguka hadi sufuri kabisa. Ndani ya kiungo, vibanzi vya shaba vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na kati ya kimoja na kingine kulikuwa na utando mweupe wenye unyevu. Ni chumvi. Daka la mjane linaelekea bahari, na msimu wa kusi hewa huingia humo ikiwa imelowa. Chumvi kavu haipitishi umeme, lakini chumvi iliyovuta unyevu hupitisha, nayo ilikuwa imejenga kidaraja kati ya waya wenye umeme na waya uliopaswa kulala. Ami alikisugua kwa mswaki mkuukuu na dawa ya kusafishia viungo vya umeme, akakikausha, akapaka grisi kidogo na kukifunga.

Rektifaya mpya aliyoiweka ni ya silikoni, kijipande cha mraba kisichozidi kiberiti, cha ampea 35, nacho hufungwa kwa boliti juu ya chuma ili joto lake lipate pa kwendea. Bei yake haikufika robo ya bei ya betri moja. Kabla ya kuifunga aliipima kila upande kwa mita: mwelekeo mmoja ikasoma nusu volti na kitu, mwelekeo wa pili haikupitisha. Ile kuukuu alipoipima ilipitisha pande zote mbili.

Kisha akaiwasha injini. Kuziba mvujo ni nusu ya kazi, kwani tangi lisilojazwa nalo hukauka. Injini ikiwa polepole na taa kubwa inawaka, betri ilisoma 12.3, maana alteneta ya pikipiki hizi ni dhaifu chini. Mwendo ulipopandishwa ikapanda hadi 13.9 na kusimama. Ingekwama kwenye 12, betri haipati chakula. Ingepita 15, inachemshwa, na hilo huangaliwa hasa baada ya kutia rektifaya ya silikoni kwa sababu hupitisha zaidi kuliko seleniamu. Ami akamwonya kijana kwamba safari fupi za msongamano, taa ikiwa inawaka na injini inanguruma chini, hazirudishi kilichotumiwa na stata. Mara moja kwa juma aikimbize kidogo barabara iliyo wazi.

Kipimo cha mwisho, ufunguo ukiwa umezimwa na kila kitu kimefungwa: sufuri.

Mwenye gari, jenereta au betri ya sola nyumbani atakipata kisa hiki hakiko mbali naye, na mita ya kawaida si ghali. Gari la siku hizi halitasoma sufuri, kwa kuwa lina saa na kompyuta zinazokesha. Miliampea 20 hadi 50 baada ya gari kutulia si jambo la kutisha. Betri zichajiwe mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu hutoa gesi inayoshika moto. Na unapofungua, anza na waya ulioungwa kwenye fremu, ili spana ikiteleza isizue cheche.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Aliulipa ujira wa Ami kwa noti zilizokuwa katika fundo lilelile, kisha akauchukua ufunguo na kumpa mwanawe mkononi, mbele yetu, bila hotuba. Wakarudi nyumbani, yeye kwa tuktuk na watoto kwa pikipiki. Siku ya Jumanne mnunuzi alipokuja alipewa kahawa na kashata, akaelezwa kwamba haiuzwi.

Sisi tulikuwa na letu. Tulimkanya kijana barazani, watu wakisikia, kwa hiyo radhi nayo haikufaa kuombwa uchochoroni. Baada ya Isha tulimwita mahali palepale, tukawaeleza waliokuwapo tulivyoiona mita, tukataja namba, tukasema kwamba tulimdhulumu na kwamba twataka msamaha wake. Akasema amesamehe. Aliyasema kwa adabu, macho yake yakiwa kwingine, na hatumlaumu. Tangu siku ile hutuamkia kama kawaida lakini hasimami kuzungumza.

Jumatatu mbili zimepita. Zote mbili tulikuwa tukitoka msikitini alfajiri tuliposikia stata ikiitika mara moja, kisha ile sauti ya silinda mbili ikiteremka mtaani na harufu ya iliki nyuma yake. Juzi tulikutana na mama mlangoni kwake, tukamuuliza kama ule ufunguo wa pili umeonekana.

"Haujaonekana, Sheikh," akasema, "wala hautafutwi."